Dadu la Mfupa Kwenye Sahani ya Bati

Mwalimu alirusha dadu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulishika simu, kidole gumba kimebana alama ya kurekodi sauti, na ule wa kushoto ukalitikisa dadu polepole, kama mtu anayepima mbegu kiganjani, kisha ukaliachia kwenye sahani ya bati. Liligonga, likazunguka, likatulia. Ndipo aliposema namba. "Nne." Au, "Moja." Aliisema bila furaha na bila pole, akaachia kidole, na ile voisi ikatufikia wote tuliokuwa kwenye kundi lake, kuanzia vijiji vya Masakta na Maretadu mpaka kwa kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa akilinda geti Arusha. Baada ya sauti ilifuata picha ya sahani.

Alizaliwa mwaka gani sijui. Watoto wake wenyewe walibishana juu ya mwaka wa kuandika kwenye msalaba wa kaburi lake. Mimi niliishia darasa la saba, na yeye ndiye aliyenifundisha la nne, kwa hiyo nitaandika ninayoyajua tu. Mengine wataandika wao.

Alipostaafu alirudi Endasak, kwenye shamba lake la mahindi na maharage, mlima ukiwa nyuma ya nyumba. Simu kubwa alinunuliwa na mpwa wake aliyekuwa chuo. Huyo mpwa ndiye aliyemweleza kwamba mjini vijana hukaa kwenye mtandao wakitunga hadithi pamoja, kila mmoja na mtu wake wa kubuni, na jambo likiwa na mashaka kompyuta inawarushia dadu. Mwalimu aliipenda habari hiyo, isipokuwa hilo la kompyuta. "Dadu lisilo na sauti siliamini," alisema. Akachukua mfupa wa ng'ombe, akausugua juu ya jiwe siku nyingi mpaka ukawa na pande sita, kisha akatoboa matundu ya namba kwa msumari uliopashwa moto.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi Mwalimu aliandika tulipofika: kisima kimekauka, watu wenye mikuki wamekaa njiani. Kila mmoja aliandika mtu wake anafanya nini. Kama jambo ni la kawaida, lilipita. Kama linaweza kushindikana, alirusha. Moja na mbili, umeshindwa. Tano na sita, umepata. Tatu na nne, umepata lakini kuna unachopoteza, na ni wewe mwenyewe unayetakiwa kusema umepoteza nini.

Hilo la mwisho ndilo lililotusumbua zaidi. Mama mmoja wa Maretadu, ambaye mtu wake alikuwa mke wa mtemi, kila akipata tatu alipoteza kuku.

"Mama," Mwalimu akamwandikia siku moja, "huyo mke wa mtemi ana kuku wangapi?"

"Wanataga, Mwalimu."

"Kama hakikuumi, hukukipoteza. Andika tena."

Tukamcheka. Baada ya karibu saa nzima yule mama akaandika kwamba mke wa mtemi amepoteza sauti ya mama yake. Anaikumbuka sura, lakini hakumbuki tena mama alivyokuwa akimwita. Baadaye tulijua kwamba mama mzazi wa huyo wa Maretadu alikuwa amezikwa mwaka huohuo.

Salamu alizishikilia kama ilivyokuwa darasani. Aliye mdogo aliandika shikamoo kwanza, na Mwalimu alimjibu kila mmoja marahaba yake peke yake, hata tukiwa ishirini, hata kama bando lake linaishia. Ukikosea tahajia alikurekebisha. Hakuwa mtu wa utani. Lakini tulipoanza kunong'ona kwamba labda anatuma picha za zamani, alitunga sheria mwenyewe: anayerushiwa achague kitu cha kuwekwa pembeni ya dadu siku hiyo, jani au kijiti, ionekane kwamba picha ni mpya. Mlinzi wa Arusha, kwa kumtania, akaomba unyoya wa jogoo ambaye bado yuko hai. Voisi iliyokuja ilikuwa na jogoo anapiga kelele, mbwa wanabweka, na Mwalimu anahema. Kisha dadu. Kisha, "Mbili."

"Mwalimu, yaani nimekukimbiza bure!" mlinzi akaandika.

"Hukunikimbiza wewe. Nimemkimbiza jogoo."

Huyo mlinzi ndiye pia aliyelalamika kwamba dadu linapenda tatu. Mwalimu hakukasirika. Alichukua daftari la shule, akakaa kutwa nzima akirusha na kuchora vijistari, na jioni akatuandikia: "Ni kweli linapenda tatu. Naomba radhi kwa wote walioshindwa na waliopata." Akalisugua tena kwenye jiwe. Sijawahi kusikia mwalimu mwingine akiomba radhi kwa wanafunzi, na sisi tulikuwa watu wazima wenye wajukuu.

Ila alikuwa na mambo yake yaliyogongana. Shuleni alituchapa kwa kucheza vizibo vya soda. Mimi alinichapa nne. Nilipomkumbusha, miaka mingi baadaye, kwamba sasa na yeye ni mchezaji, alinijibu palepale.

"Sikuwachapa kwa kucheza. Mmoja wenu alikuwa anageuza kizibo kwa kidole wenzake wakiangalia pembeni."

"Nani, Mwalimu?"

"Wewe, Mama Neema."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimejisahaulisha.

Katekista naye alimfuata. "Mwalimu, wewe ni mzee wa kanisa. Hiyo si kamari?" Mwalimu akamwambia kamari ina cha kuchukua, na pale watu wanachukua maneno tu, na kwamba hata mitume walipiga kura walipotafuta wa kumi na mbili. Katekista akasema mitume hawakuwa na simu. "Wangekuwa nayo wangeandika vizuri kuliko wewe," Mwalimu akajibu, "barua yako ya michango ina makosa tisa."

Lakini lililomtesa si katekista. Lililomtesa ni watu waliokuja kumuuliza mambo ya kweli. Huku kwetu wapo wazee wanaosoma vijiwe: unapeleka shida yako, vijiwe vinamwagwa, mzee anakuambia. Baba yetu hakuhamisha zizi wala kuoza binti bila kwenda huko kwanza, ingawa Jumapili alikuwa kanisani. Basi habari za mfupa wa Mwalimu zilipoenea, watu wakaanza kufika. Niliwahi kumkuta mzee mmoja wa uwandani amekaa pale, shuka nyeusi begani, fimbo magotini. Alikuwa amepoteza madume matatu.

"Nimesikia una mfupa unaosema."

"Hausemi, mzee wangu. Unaanguka tu."

"Hata vijiwe vya mzee wetu vinaanguka tu," yule akasema.

Mwalimu akainuka. Alimpa ugali na maziwa, akavaa viatu, akaenda naye kutafuta ng'ombe mpaka jua likashuka. Hawakuwapata. Aliporudi alituandikia kwa herufi kubwa: DADU HALIJUI KITU. Aliliandika mara nyingi baada ya hapo. Nilidhani anarudia kwa sababu ya wajinga. Sasa nadhani alikuwa anaogopa.

Na kilichofuata kilitoka nyumbani kwetu.

Mdogo wangu Paskali alikuwa kwenye kundi tangu mwanzo. Mtu wake alikuwa mchungaji anayetafuta ng'ombe saba waliopotea, na alimwandika vizuri kuliko sisi wote. Mwaka ule akaanza kushindwa kumeza. Kwanza ugali, kisha wali, kisha hata uji ukawa unarudi. Sauti ikamkauka, akawa anaongea nasi kwa kuandika kwenye simu na kutuonyesha kioo. Hospitali walisema ni uvimbe kooni, apasuliwe, na asichelewe. Paskali akakataa. Alisema hajawahi kumwona mtu aliyekatwa pale akarudi. Padri alikuja, akakataa. Mke wake alipiga magoti mbele ya watoto, akakataa. Alikonda mpaka saa ikawa inamzunguka mkononi kama bangili.

Asubuhi moja aliandika kwenye kundi: "Mchungaji amewaona ng'ombe wake ng'ambo. Anaingia mtoni. Mwalimu, weka punje moja ya mahindi." Mwalimu akajibu kwamba atarusha saa nane mchana. Halafu Paskali akaniita kitandani, akanionyesha maneno mengine aliyoyaandika kwa ajili yangu tu.

"Dada, akivuka nitakwenda kupasuliwa. Asipovuka msinisumbue tena."

"Paskali, ule ni mchezo."

Akaandika: "Baba alikuwa na vijiwe."

"Baba alikuwa na vijiwe, wewe umesoma mpaka kidato cha nne!"

Akatabasamu. Akaandika: "Ndiyo vijiwe vyangu hivyo."

Nilichukua bodaboda mpaka Endasak. Nilimkuta Mwalimu mezani, sahani imeshawekwa, punje ya mahindi iko pembeni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nikamweleza yote. Alipofahamu mdogo wangu ameweka nini juu ya lile dadu, alivua miwani, akaishika tu.

"Mwalimu, weka tano," nikasema. "Sikuombi sita. Tano tu."

"Nenda ukamwambie aende hospitali."

"Tumemwambia wote. Anasubiri mfupa wako."

"Mfupa huu haujui kitu!" Alipaza sauti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata na fimbo mkononi. Kisha akaishusha. "Mama Neema, nikiweka tano leo, ile tatu ya mama wa Maretadu itakuwa nini? Yule alilia kwa sababu ya namba. Nitamwambia nini?"

"Ya Maretadu siyataki. Nina mdogo mmoja, Mwalimu. Mmoja tu."

Nilishuka chini, nikamshika miguu. Akaniinua, akaniambia nisifanye hivyo, akanimiminia chai ambayo sikuinywa. Saa nane ilipofika alishika simu, akabana kidole, akatikisa, akaachia. Liligonga. Likazunguka kwa muda mrefu kuliko siku zote, au ni mimi niliyeona hivyo. Likatulia.

Mbili.

Alifungua mdomo kuisema. Hakuisema. Kidole kikaachia, na ile voisi ikaenda hivyohivyo, ina mlio wa bati na baada yake kimya. Akaiweka simu mezani, ikiwa wazi, kioo juu.

"Ngoja nikamfunge ndama," akasema, akatoka nje.

Mwalimu hakuwa na ndama mwaka ule.

Nilibaki na sahani. Niligeuza dadu kwa kidole kimoja, kama nilivyogeuza kizibo nikiwa darasa la nne, tano ikakaa juu. Nikapiga picha kwa simu yake. Nikaituma. Papo hapo simu ikaanza kulia mezani: "AMEVUKA!" Mama wa Maretadu alituma vigelegele. Mlinzi wa Arusha aliandika kwamba atamchinjia mchungaji mbuzi.

Mwalimu alirudi baada ya muda, akatazama sahani. Alichukua dadu, akalitia mfukoni. Punje ya mahindi akamtupia kuku. "Chai yako imepoa," akasema. Nikaondoka.

Kesho yake Paskali alikubali. Tulimpeleka. Wakampasua. Daktari alikuwa mtu mpole. Alituambia bila kuficha kwamba tumechelewa, lakini watajaribu. Aliishi wiki tatu.

Siku moja kabla ya kupasuliwa, nikiwa peke yangu naye, Paskali alinionyesha kioo cha simu.

"Mwalimu kanidanganya."

Nikamuuliza anasema nini. Akabonyeza ile voisi, akaisogeza sikioni mwangu. Mlio wa bati. Kimya. Akaandika: "Hakusema namba. Huwa anasema." Nikamuuliza, basi kwa nini umekuja?

Aliandika muda mrefu. Yale maneno ninayo mpaka leo. "Mwalimu alimkimbiza jogoo kwa ajili ya ukweli. Kama yeye amesema uongo ili mimi nije huku, basi mmenililia sana. Sikujua mnanililia hivyo."

Akacheka bila sauti, mabega yakitikisika.

Hapo ndipo ningesema, si Mwalimu, ni mimi. Sikusema. Nilimwacha akaingia chumba cha upasuaji akiamini kwamba mtu mmoja mnyofu alipinda kwa ajili yake. Niliogopa kwamba uongo wa dada hauna uzito huo. Dada yeyote angedanganya.

Kwenye maziko Mwalimu alikuja, akatia udongo, akasimama nyuma na wanaume. Wiki ileile akaandika kwenye kundi: "Dadu limepotea. Hadithi imeishia hapa. Samahanini." Watu walikasirika. Mlinzi akasema linunuliwe lingine mjini, yapo ya plastiki mazuri. Hakujibu. Kwa miezi kadhaa watu waliendelea kuandika shikamoo za asubuhi, naye akajibu marahaba. Kisha hata hizo zikaisha. Nikipita Endasak nilipita ng'ambo ya barabara. Niliona aibu, na pia nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na wa kumfikia: nilitenda ubaya, na ule ubaya haukunisaidia hata mwezi mmoja.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka huu, mahindi yakiwa magotini, nikasikia kwamba Mwalimu haoni tena na hali chakula sawasawa. Nikaenda.

Alikuwa nyuma ya nyumba kwenye benchi, mgongo ukutani, anaota jua. Macho yalikuwa meupe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

"Mama Neema."

"Ah. Wa vizibo."

Binti yake akatuletea chai, akatuacha. Nikamwambia yote. Kwamba Paskali alijua. Kwamba alidhani ni yeye, Mwalimu, na kwamba nilimwacha akafa akidhani hivyo. Nilimsomea yale maneno ya Paskali mpaka mwisho. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyosikiliza tulipomsomea kitabu darasani.

"Alikasirika?"

"Hapana. Alicheka."

"Alicheka," akarudia. "Niliiacha simu wazi, Mama Neema. Hukuiba kitu. Na dadu halikupotea. Huo uongo ni wangu mwenyewe, wala hukunisaidia kuutunga."

Akamwita binti yake, akamwambia alete kopo la chumvi na ile sahani. Dadu lilikuwa ndani ya chumvi, limefungwa kwenye kitambaa. Alilipangusa kwa kidole gumba.

"Mchungaji wake yuko wapi?"

"Alikufa, Mwalimu."

"Paskali alikufa. Nakuuliza mchungaji."

Niliiweka sahani benchini, kati yetu.

"Kwa sahani, hakuvuka," akasema. "Kwa picha, alivuka. Miaka yote hii nimelala huku yeye yuko katikati ya mto, maji kifuani. Sijawahi kurudia kurusha. Hii moja narudia."

Akalitikisa kwa mkono wa kushoto. Sasa mkono wenyewe ulikuwa unatikisika tu, hata bila dadu. Akaliachia. Bati likalia, mlio uleule.

"Soma."

Nilitazama. Alikuwa hawezi kuona, na hapakuwa na mtu mwingine. Ningeweza kusema sita. Nilimtazama usoni nikafikiri jinsi angefurahi.

"Nne," nikasema.

Angeweza kunyoosha kidole akayahesabu matundu, maana ni yeye aliyeyatoboa. Hakunyoosha. "Nne," akasema, bila furaha na bila pole. "Amevuka. Amepoteza nini?"

"Si mimi niliyekuwa namchezesha."

"Aliyemchezesha hayupo. Sema wewe."

"Ng'ombe mmoja. Amechukuliwa na maji."

"Mama Neema."

Alisema hivyo tu. Kuku wa kizungu alikuwa anachakura karibu na miguu yetu, na upepo wa mlimani ulikuwa unalaza mahindi upande mmoja.  

"Amemwacha dada yake," nikasema. "Dada amebaki ng'ambo hii."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, taratibu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka mbele ya kifua, vidole vimekunjwa, na hapo ndipo nilipoona kwamba muda wote huo alikuwa amebana kidole gumba juu ya simu ambayo haikuwepo. Akakiachia.